Maji ya Mwanga

Mapipa manne ya bluu yalipoteremshwa kutoka kwenye mkokoteni wa punda mbele ya nyumba yake pale Minjila, jambo la kwanza Abdulsalam alilofanya ni kuingiza kichwa ndani ya pipa moja na kuvuta pumzi. Alikaa humo muda mrefu, makalio nje, mpaka mkewe Tuneya akamuuliza kama amekwama.

"Njoo unuse," ilisema sauti kutoka ndani ya pipa. "Mama Asmaa, njoo unuse hii."

Tuneya akanusa. Kulikuwa na harufu tamu ya maua yasiyo na jina, harufu ya mtu aliyetoka kuoga akajipaka mafuta. Haikuwa mbaya. Lakini Tuneya ni mwanamke ambaye hanunui sufuria mpaka aigonge mara tatu, kwa hiyo aliuliza pipa lilikuwa na nini kabla ya kuwa lao.

"Limefukizwa," alisema Abdulsalam. "Huyo Mangi wa Garsen hajui hata anachouza. Ameyapanga na vyuma chakavu na matairi! Kwani marehemu mama hakuwa akifukiza mtungi kwa ubani? Maji ya marehemu mama ulikuwa ukiyanywa unajiona umealikwa."

Tusimcheke. Mtu aliyelelewa katika nyumba ambamo mtungi hauwekwi maji kabla ya kupitishiwa moshi wa ubani, akikutana na chombo kinachonukia, hawezi kufikiria kiwanda. Anafikiria heshima. Na Abdulsalam alihitaji heshima sana mwezi ule, kwa sababu Rayyan, binti yake wa pili, alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu.

Bwana harusi alikuwa Issack, mtoto wa Mzee Jarso na Mama Dahabo, Waorma wafugaji wa kijiji cha mbugani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Wageni wangefika mia mbili, na wote wangetaka maji. Mafuriko yalikuwa yameng'oa bomba la mfereji. Mto ulikuwa tope tupu, na afisa wa afya alikuwa amepita na kipaza sauti akikataza watu kuunywa tangu kipindupindu kizuke. Lilibaki lori la maji la Kavumbi, ambalo lilikuja siku lilipopenda.

"Kwa kina Issack kuna kisima cha mashine," Tuneya alikuwa amesema. "Maji matamu. Si tuwaombe?"

"Mimi ndiye mwenye shughuli," alijibu Abdulsalam. "Niende kwa mkwe na mtungi kichwani? Tena kwa Waorma? Mama Asmaa, ng'ombe wao wakishuka mtoni sisi Wapokomo tunawaambia wazunguke, wasikanyage migomba. Tangu babu zetu ni hivyo. Leo mimi nikawaambie sina maji? Afadhali wageni wanywe soda."

"Soda ya watu mia mbili utainunua na nini?"

Ndiyo maana yakaja mapipa. Kavumbi akayajaza yote manne, na wiki nzima Abdulsalam alikunywa kikombe chake kila jioni barazani, akafumba macho, akasema "Haa" kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani.

Wiki mbili kabla ya harusi, Mama Dahabo alikuja kuwatembelea na kibuyu cha maziwa. Maziwa ya Dahabo yanajulikana sokoni Garsen kwa harufu yake ya moshi, maana vyombo vyake huvifukiza mwenyewe kwa vijinga vya mti anaouchagua mwenyewe, na wala hamwambii mtu ni upi. Abdulsalam hakukubali mgeni kama huyo aletewe maji na mtoto. Alichota mwenyewe, akabeba kikombe kwa mikono miwili, akabaki amesimama kungoja sifa.

Dahabo alikisogeza kikombe puani. Akanusa tena.

"Moshi ya mti gani hii?" aliuliza.

"Si mti. Ni ubani," alisema Abdulsalam, akidanganya kidogo.

"Ubani mimi najua. Moshi mimi najua, nafukiza vyombo tangu mimi mtoto. Moshi inakaa kwa chombo, inasalimia maji tu. Hii kitu imeingia ndani ya maji." Akakiweka kikombe kwenye mkeka na kukisukuma mbele kwa kidole kimoja, taratibu. "Msikasirike. Mimi sitakunywa."

Yaliyofuata yalikuwa mazungumzo ya mvua na ng'ombe, lakini hakuna aliyeyasikia. Dahabo alipoondoka, Abdulsalam alikuwa amevimba.

"Ametudharau."

"Amekataa kwa adabu," alisema Tuneya. "Na mimi mwenyewe hiyo harufu inanipanda kichwani."

"Mtu akikataa maji ya nyumba yangu amenikataa mimi! Kama mama mkwe anaanza hivi, mtoto atakwenda kuishi vipi?"

Rayyan alikuwa nyuma ya pazia, akasikia, akalia. Abdulsalam naye kesho yake alikwenda sokoni akawaambia watu watatu, wasiopungua, kwamba Mama Issack ana maringo ya mtu mwenye ng'ombe mia. Watu watatu sokoni Garsen wanatosha kabisa.

Asmaa, kifungua mimba wao, alifika siku ya tatu. Yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu Mombasa, anasomea kemia ya maji, na alikuja kusaidia shughuli ya mdogo wake. Hata viatu hakuvua. Alipewa chai, akaionja, akatoka nayo nje hadi kwenye mapipa. Walimwona amepiga magoti akikwangua kwa ukucha mabaki ya karatasi iliyobanduliwa ubavuni mwa pipa, akipiga picha kwa simu, akisoma.

"Baba, nani amekuuzia haya?"

"Ni ya kufukizwa, mwanangu."

"Si ya kufukizwa. Yalikuwa na dawa ya kuhifadhi. Ile inayotiwa kwenye losheni na shampuu zisiharibike zikikaa dukani. Plastiki imeinyonya, na sasa inaitoa kidogo kidogo kwenye maji."

Abdulsalam alifikiri. "Sasa kama losheni haiharibiki, maji nayo si hayataharibika? Ubaya uko wapi?"

"Losheni unajipaka kidole kimoja, Baba. Wewe umekunywa kwa kikombe, wiki nzima. Haitakuangusha leo. Lakini ikiingia mwilini inajifanya homoni, inauchanganya mwili taratibu. Na harusini watakuja wenye mimba na watoto wachanga. Mimi siwezi kuwapa."

Abdulsalam alikikumbuka kile kidole cha Mama Issack kikisukuma kikombe. Lakini hakwenda kumwomba radhi. Aliona ni habari ya ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba itakwisha.

"Tumwage," alisema Tuneya.

"Tumwage, tunywe nini?" Lori la Kavumbi lilikuwa limekwenda Malindi na giaboksi mbovu, na Kavumbi mwenyewe alikuwa hashiki simu.

Hapo ndipo Asmaa alipowaambia kwamba mwaka mzima, pale maabara, kazi yake ya kuhitimu ni hiyo hiyo: kuvunja dawa za kuhifadhi ndani ya maji kwa kutumia taa. Ukichemsha, zinabaki. Ukichuja kwa kitambaa, zinapita. Lakini kuna miale ambayo ikizipiga muda wa kutosha inazikata vipande, na vipande navyo vinakatwa, mpaka kinachobaki hakina madhara.

"Miale gani hiyo?" aliuliza Abdulsalam, ambaye sasa alikuwa amekaa wima.

"Ya urujuanimno."

"Uruju..."

"Urujuanimno."

"Urujua... ni... mno. Mno nini?"

"Mno tu, Baba. Imezidi ile rangi ya urujuani, jicho haliioni."

Abdulsalam alijaribu mara mbili zaidi, ulimi ukamgomea. "Ni mwanga," alisema mwishowe. "Sivyo? Ni aina ya mwanga."

Asmaa alikuwa amesafiri tangu alfajiri na bado alikuwa na viatu miguuni. "Haya, Baba. Ni mwanga," alisema, na kwa maneno hayo mawili akatuletea balaa lote lililofuata.

Taa ilifika kwa basi, imeviringishwa blanketi, baada ya mwalimu wa Asmaa kumruhusu rafiki yake Gladys aitoe maabara. Ilikuwa bomba la chuma la urefu wa mkono, lenye waya zake, pampu ndogo na betri ya sola. Madrasa iliwaazima tangi jeusi lisilo na harufu yoyote. Wakayahamisha maji yote huko, wakiyachuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne, wakayaacha siku nzima yatulie, kwa sababu maji ya Kavumbi yalikuwa na tope na tope huikinga dawa miale isiifikie. Kisha Asmaa akawasha. Maji yalitoka tangini, yakapita ndani ya bomba kando ya taa, yakarudi tangini, yakazunguka tena. Kwenye kijidirisha cha kioo kizito pembeni ulionekana weupe wa kibuluu.

"Bomba lisifunguliwe likiwaka," Asmaa alionya. "Linaunguza macho."

Kila asubuhi alichota chupa ndogo, akaiandika namba, akaipeleka stendi ndani ya boksi la barafu. Chupa zilikwenda kwa Gladys, ambako kuna mashine ya kusoma kile ambacho pua ya binadamu haiwezi kukisoma. Ingawa pua moja, Tuneya alikumbusha, ilikuwa imekisoma.

Abdulsalam aliipenda ile taa kuliko redio yake. Alikaa kando yake kwenye kigoda kutwa, akifukuza kuku, akifuta vumbi juu ya bomba kwa upindo wa kikoi chake. Hakwenda tena shambani kwake, kijiji cha Hewani. Kalla, jirani auzaye chapati njiani, alimuuliza siku moja mbona haonekani.

"Kuna mwanga nyumbani," alisema Abdulsalam kwa fahari. "Ameniletea Asmaa kutoka Mombasa. Maji yote ya harusi yanapita kwake."

Kalla alisimamisha mwiko. "Mwanga?"

"Mwanga. Wa chuo kikuu."

"Na... anafanya kazi usiku?"

"Usiku na mchana. Hachoki." Akachukua chapati zake mbili, akaondoka akipiga mluzi, na nyuma yake chapati ya tatu iliungua.

Maana ndiyo lugha yetu ilivyo. Mwanga ni nuru, na mwanga ni mchawi, yule anayetoka uchi usiku kucheza makaburini na kugonga milango ya watu. Neno ni lile lile, na aliyelisikia ndiye anayechagua. Kalla alichagua. Mpaka magharibi, Minjila yote ilijua kwamba Abdulsalam, baada ya kukataliwa maji yake na Waorma, amemleta mwanga kutoka Mombasa ayatengeneze maji ya harusi, ili mama mkwe akinywa asiwe na kauli tena. Mpaka habari ifike mbugani, mwanga alikuwa amekwishaonekana, ana meno mekundu.

Abdulsalam hakuelewa kilichokuwa kikiendelea. Msikitini watu waliacha nafasi ya mtu mmoja kila upande wake. Kinyozi alimnyoa bila kuongea, kitu ambacho kinyozi huyo hajawahi kukifanya tangu azaliwe. Wapishi wawili wa pilau walituma salamu kwamba wameumwa migongo, wote wawili, siku moja. Ijumaa asubuhi, siku mbili kabla ya harusi, Rayyan alitoka chumbani na simu mkononi, uso umemvimba.

"Issack anasema wazee wamesimamisha harusi," alisema. "Anasema hapa kwetu kuna mwanga."

"Si upo?" alisema Abdulsalam. "Ule pale."

Tuneya ndiye wa kwanza kuelewa. Alikaa chini palepale, akajifunika uso kwa kanga, na hakuna aliyejua kama anacheka au analia. Baadaye alisema ilikuwa vyote viwili.

Jarso na Dahabo walikuja baada ya swala ya Ijumaa. Hawakukubali viti. Walisimama karibu na lango, Jarso ameegemea fimbo yake.

"Abdulsalam," alisema, "mimi sina maneno mingi. Tumesikia iko mwanga hapa, na maji ya arusi inapita kwa yeye. Iko au hakuna?"

"Mzee Jarso, ni taa. Taa tu! Asmaa, mwonyeshe."

Asmaa akawapeleka. Jarso aliinama mbele ya kijidirisha, akatazama ile rangi ya kibuluu muda mrefu. Akazunguka nyuma ya bomba. Akarudi mbele.

"Hii ndiyo mwanga?"

"Ndiyo hii."

"Haina hata miguu," alisema Jarso, na upande mmoja wa mdomo wake ukapanda kidogo. Rayyan alikuwa dirishani, akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu asubuhi.

Ingeweza kuishia hapo. Abdulsalam aliona kabisa kwamba ingeweza kuishia hapo, wakacheka, wakala, mambo yakaisha. Lakini Dahabo hakuwa akiitazama taa. Alikuwa akiyatazama mapipa manne ya bluu, yaliyolazwa tupu nyuma ya jiko.

"Na maji ilikuwa na nini," aliuliza, "mpaka inataka taa?"

Neno "tope" lilikuwa tayari mdomoni mwa Abdulsalam. Tena lisingekuwa uongo mtupu. Alimtazama Tuneya, lakini Tuneya alikuwa anatazama chini, hakutaka kumsaidia. Akamtazama huyu mama aliyekuja na maziwa yake, akaambiwa ana maringo.

"Ulinusa sawa, Mama Issack," alisema. "Mapipa yalikuwa na dawa ya losheni. Mimi nikadhani ni ubani kwa sababu nilitaka iwe ubani. Ukatuambia kwa adabu, na mimi nikaenda sokoni kukusema vibaya. Binti yangu aliponieleza ukweli, nikanyamaza, nikitumaini hutajua. Nisamehe. Nimekukosea mbele za watu, na mbele za watu nitalifuta neno langu."

Kabla Dahabo hajajibu, simu ya Asmaa iliita. Alikuwa Gladys. Asmaa aliiweka sauti ya juu, wasikie wote, asije mtu akasema baadaye kwamba majibu yalipikwa.

"Taa inafanya kazi, dada!" alisema Gladys. "Chupa ya kwanza ilikuwa mbaya sana. Hii ya jana, sehemu tisa kati ya kumi imevunjika. Lakini iliyobaki bado ni nyingi, siwezi kukuandikia kwamba ni ya kunywa. Ipe siku nne, tano hivi."

Harusi ilikuwa Jumapili. Abdulsalam alimsogelea Asmaa. "Tisa kati ya kumi si nyingi?" alinong'ona.

"Ni nyingi, Baba. Si yote."

Abdulsalam alimwona binti yake amechoka, amesimama kando ya bomba lake, akajua kwamba hata angemsihi vipi asingesogea nukta moja. Akajisikia fahari naye. Akageuka.

"Mzee Jarso, umesikia mwenyewe. Mimi sina maji ya kuwapa watu wako."

Sentensi aliyokuwa ameikimbia kwa wiki tatu ilitoka kwa sauti ndogo tu. Jarso alimtazama, akachukua fimbo yake.

"Haya," alisema. Akatoka langoni, na Dahabo akamfuata. Hawakusema watakuja, hawakusema hawatakuja.

Jumamosi ilikuwa siku ndefu. Simu ya Issack ilikuwa haipatikani; mbugani mtandao huenda na kurudi. Shangazi zake Rayyan walimpaka hina hivyo hivyo, wakizungumza mambo ya bei ya mchele, wasiulize. Abdulsalam alikaa kwenye kigoda chake, akiitazama taa bila kuifuta vumbi.

"Nimeharibu," alimwambia mkewe alipomletea chai.

"Maji umeyaharibu, ndiyo," alisema Tuneya. Akakaa karibu naye, bega kwa bega, jambo ambalo halifanyi mchana. "Jana hukuharibu. Jana nilikuona mume wangu."

Jumapili saa tatu asubuhi, vumbi lilionekana upande wa mbugani. Kalla ndiye aliyeliona kwanza, akaacha chapati zake, akaja mbio akiita. Watu wakatoka. Walikuwa wanawake wakiimba, na mbele yao punda, ishirini na zaidi, kila mmoja na mitungi miwili ya maji kila ubavu, wanatembea polepole kwa uzito. Issack mwenyewe alikuwa anamsukuma mmoja, amekunja kanzu yake mpya hadi magotini, vumbi limempaka nyusi. Rayyan alimwona kupitia dirisha, akasahau kabisa kwamba bibi harusi hapigi kelele.

Abdulsalam alitoka na kiatu kimoja. Alitaka kusema jambo la maana, lenye Mungu ndani yake na mababu wa pande zote mbili, lakini machozi yakamtoka mbele ya Minjila yote.

"Mzee Jarso," alisema. "Mimi..."

"Miaka yangu yote," alisema Jarso, "mtu wa mto hajawahi kuniambia hana maji. Siku zote iko nayo, siku zote sisi tuzunguke. Wewe peke yako umesema." Akamwekea kamba ya punda wa kwanza mkononi. "Sasa shika punda. Watu iko na kiu."

Abdulsalam akashika kamba, akamwongoza punda ndani.